Nyumba ya Mbau Ndani ya Tele

Posho, yaani Jumamosi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi. Asubuhi ukungu ulilala juu ya Bulengera, mtaa wetu wa Butembo, mpaka bati za jirani hazikuonekana. Baadaye mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele. Mchana jua kidogo lisilo na nguvu, na matope kila mahali.

Naandika leoleo kwa sababu nimekwisha kuwasikia watu wawili wakisimulia jambo hili, na kila mmoja anajiweka mbele. Mimi sikusoma sana, niliachia sekondari mlangoni, na mambo ya mashini siyajui. Nikikosa jina la kitu nitasema tu kazi yake. Na nikimwonea mtu, nitajaribu kurudi nyuma na kunyoosha.

Leo mdogo wangu alikuja kutoka Beni na mfuko mgongoni, na ndani ya mfuko kulikuwa na nyumba yetu ya Mbau. Ndivyo Mama alivyokuwa akiwaambia majirani wiki nzima: "Siku ya posho nyumba iko nakuya." Majirani walidhani ameanza kuchanganya mambo. Hakuwa anachanganya.

Mbau iko kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Tata, baba yetu, alijenga pale wakati lori lake lilikuwa bado zima: matofali ya kuchoma, bati, baraza inayoangalia barabara. Tulitoka asubuhi moja, kwa kukimbia, kama wengine walivyotoka, na sitaandika zaidi ya hapo, kila familia hapa ina ya kwake. Tata hakuishi muda mrefu baada ya kufika Butembo. Mama amebaki na mimi katika nyumba hii ya kupanga. Anaswali, anachambua maharagwe, anauliza wasafiri habari za barabara. Hatamani vitu. Anatamani mahali. Anaweza kukaa kimya muda mrefu, halafu aseme, "Saa hii jua linaingia ku salon," na mimi najua hasemi sebule yetu ya hapa, kwa sababu hii haina dirisha upande wa jua.

Sasa baba mdogo. Ni yule aliyemfuata Tata kwa kuzaliwa, mtu wa magari, anakaa Beni, Fuso yake inapita kila soko mpaka Kirumba. Ndiye aliyempata mnunuzi wa parcelle ya Mbau, yaani kiwanja na nyumba yake, mfanyabiashara wa kakao anayetaka mahali pa kuanikia. Ndani ya nyumba hii tumemsema vibaya baba mdogo, kwa hiyo niseme na upande wake. Hakutafuta faida yake. Alisema nyumba tupu inakwisha, bati zitang'olewa, siku moja mtu mwingine ataingia na karatasi zake. Heri Mama apate kipande chake hapa Bulengera, aache kupanga. Hayo yote ni kweli. Mama alimsikiliza kwa heshima, na akampa jibu moja ambalo hakulibadilisha tena:

"Shemeji, ile nyumba mi hapana aga. Nitauzisha namna gani kitu mi hapana aga?"

"Shemeji, nyumba hapana mutu. Iko matofali."

"Na weye uko nyama na mifupa. Mais nikitoka kwako, nakuaga."

Kwa watu wa Mama, mwanamke akihama nyumba anapita chumba kwa chumba peke yake, anaweka kiganja juu ya ukuta, anasema maneno yake pale, halafu anatoka kwa mlango wa nyuma. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake. Sisi Mbau tulitoka kwa mlango wa mbele, mikono imejaa watoto wa majirani. Mama hakugusa ukuta wowote. Na kumpeleka tena haikuwezekana. Kuna siku barabara inapitika na kuna siku haipitiki, na mtu hajui siku gani ni gani mpaka awe katikati. Baba mdogo mwenyewe, mwenye gari, alikataa kumchukua, na nafikiri alikataa vizuri.

Hapo ndipo mdogo wangu alipokumbuka mchoro.

Alisomea ujenzi Beni. Kwa kazi ya shule aliipima nyumba ya Mbau yote kwa mita, akaichora ndani ya ordinateur yake kubwa, kompyuta ya mezani. Si mchoro wa karatasi. Ni ile namna unayosukuma mlango ukaingia, ukageuka, ukaona dirisha, ukapita chumba cha pili. Alituonyesha wakati ule, tukacheka. Nani ana haja ya kutembea ndani ya ordinateur, na nyumba yenyewe anaikalia?

Ile ordinateur kubwa ilikufa Beni. Courant, umeme wetu, ilikatika, ikarudi na nguvu kupita kiasi, ikaunguza kila kitu ndani yake isipokuwa karte moja. Watu wa kazi hiyo wanaiita carte graphique, mimi nitaiita karte ya picha. Ni kitu kizito kama tofali, kina feni mbili, na kazi yake ni kuchora tu. Ordinateur inafikiri, karte inachora. Ndivyo alivyonieleza na ndivyo nilivyoelewa. Mchoro wenyewe ulikuwa salama ndani ya kifunguo kidogo cha USB, shingoni kwake.

Tangu siku ile anafanya kazi na kamashini: ordinateur nzima juu ya ubao mmoja mdogo, unaikamata kwa kiganja, inakunywa courant kidogo sana, panneau moja ya jua juu ya bati inaitosha. Kuandikia watu barua zao, kuweka muziki ndani ya simu, haina shida. Lakini alipofungua nyumba ya Mbau, ukuta ulikuja leo na mlango kesho. Ukisogeza kidogo, picha inaganda.

Basi akatoa picha chache za karatasi, akamletea Mama. Mama alizitazama, akazigeuza, akazitazama mgongo.

"Wasingya, asante, mutoto yangu. Ni mizuri. Mais ku karatasi mutu anapitia wapi?"

Tukampeleka kwa bureau moja mjini yenye mashini kubwa. Nusu ya watu waliokuwa wakingoja fotokopi wakasogea kutazama. Mama akavuta mtandio juu ya uso, akasema, "Hapana hapa," tukarudi kwa miguu. Sikuwalaumu wale watu. Na mimi ningesogea.

Ndiyo maana mdogo wangu akaanza hili jambo la kuunganisha. Alisoma mahali fulani kwamba karte kubwa inaweza kukaa nje, peke yake, na sanduku lake la kuilisha courant, halafu ikafungwa kwa kamashini kwa waya bapa na kipande cha katikati. Rafiki zake Beni walimcheka mpaka akaacha kupita kwa kona yao. "Eko nafunga remorque ya Fuso ku kinga! Pedale, papa, pedale!" Yaani trela la lori nyuma ya baiskeli. Alitumia muda mrefu kuvuta programu za kuifundisha kamashini kuijua karte, kwa mtandao ule wa kwetu unaokujia kama maji ya bomba kiangazi. Kile kipande cha katikati kilitoka Kampala, kikavuka mpaka Kasindi ndani ya mfuko wa shati la baba mdogo. Alijua ni cha kazi gani. Alijua kitachelewesha jibu la Mama na mnunuzi atachoka. Akakileta. Hilo nalo liandikwe.

Leo basi. Mdogo wangu alifika amelowa, mfuko ameufunga ndani ya nailoni, yeye mwenyewe hana hata kofia. Mama alikuwa tayari tangu alfajiri. Alioga, akavaa kitenge chake cha Idi na mtandio mweupe, akaweka kipochi magotini. Nilimwona akikaa pale kama mtu anayengoja gari, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Mdogo wangu alipanga vitu juu ya meza: tele yetu, yaani televisheni, sanduku la kulisha, karte ameisimamisha juu ya kipande cha ubao alichokichonga mwenyewe, waya bapa mwembamba kama utepe wa fundi cherehani, na mwisho wa utepe kamashini. Kweli ilionekana kama kifaranga kimefungwa na ng'ombe.

Courant ya mji ilikuja. Hapa kwetu kila mtu anajua: courant ikirudi, usiwashe kikubwa. Unawasha taa, unaitazama. Ikitetemeka unangoja. Ikitulia, unaanza na vidogo, simu, radio, halafu tele, na friji, kwa mwenye friji, mwisho kabisa. Mtoto anajifunza hilo wakati anapojifunza kwamba moto unaunguza. Na mdogo wangu alikwisha kuunguziwa mara moja. Akawasha taa. Akangoja. Akawasha kamashini, akawasha tele, maandishi meupe yakapita. Ndipo, polepole, akashika kibonyezo cha sanduku la karte, akasema bismillahi, akabonyeza.

Feni mbili zikazunguka. Tukashangilia. Halafu akaandika kitu, akasoma, akaandika tena.

"Hapana kitu," akasema.

"Mais inazunguka!"

"Inazunguka, yaya. Kamashini hapana iona." Yaya ndiyo mimi, dada yake mkubwa.

Akazima vyote, kwa sababu hakutaka kugusa waya wenye courant. Akachomoa utepe, akaupangusa kwa shati, akaurudisha. Taa, ngoja, kamashini, tele, karte mwisho. Hapana kitu. Akageuza, akabadili programu, akazima, akaanza upya. Taa, ngoja, kamashini, tele, karte. Sijui alirudia mara ngapi. Mama hakuondoka kwenye kiti.

"Tumefika?"

"Bado, Mama. Tuko ku barrière," akajibu, kama msafiri aliyekwama kwenye kizuizi cha barabara.

"Barrière ya nani?"

"Ya karte."

"Mumupatie kitu, tupite."

Tulicheka wote, na yeye pia. Lakini saa iliendelea, na kicheko kikakwisha. Mdogo wangu akanivuta mlangoni.

"Yaya, nilidanganya Mama."

"Hapana danganya. Ulijaribu."

"Alivaa ya Idi. Uliona?"

Niliona. Nilifikiri labda wale rafiki zake wa kona walikuwa na haki, na labda ingekuwa heri tusimwambie Mama chochote mpaka kitu kiwe tayari. Bado nafikiri hivyo nusu. Nusu nyingine inaniambia kwamba ile wiki ya kungoja ilimpa Mama furaha ambayo sijaiona kwake tangu tumefika hapa.

Baba mdogo akaingia bila kupiga hodi, matope mpaka magotini.

"Asalamu alekum! Mumeshaaga?"

"Bado, shemeji," Mama akajibu. "Batu ba barrière beko bakali leo."

"Nilisema mi. Nilisema! Bon, munipatie courant, simu inakufa, dereva yangu eko Kirumba na gari ya bitunguru, na banamuita kila fasi." Akainama kwenye ralonji, ule waya wa matundu mengi, akatafuta tundu, akakosa, akachomoa kilichokuwa karibu na mkono wake.

Kilikuwa kamashini.

"Baba mudogo, hapana! Hapana chomoa!"

"Nini? Kashimo kamoja tu."

"Umezimisha kamashini!"

"Na ilikuwa natumika nini?"

Kwa kweli haikuwa inafanya kitu. "Hapana kitu," mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini.

"Voilà. Nilizimisha hapana kitu. Juu ya nini unalia?"

Hata hivyo akairudisha, kwa kunung'unika, akabaki na simu yake mkononi. Mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta kwa hasira, asimtukane mkubwa. Feni za karte zilikuwa bado zinazunguka, hakuna aliyezizima. Tele ikaleta yale maandishi meupe, moja juu ya lingine. Mdogo wangu akageuka kutazama, na akasimama hivyo, mkono mmoja hewani.

"Imeiona."

"Nani imeona nani?" Mama akauliza.

"Kamashini imeona karte. Yaya. Imeiona!"

Alituelezea akicheka na kujipiga paji la uso. Kamashini inatazama jirani zake mara moja tu, wakati inaamka. Aliye macho saa ile inamjua. Anayekuja nyuma, hata akipiga kelele, haimgeukii tena. Na sisi tuliiamsha kila mara kwanza, halafu ndipo tukamleta mkubwa, kwa adabu ile ya kungoja courant itulie. Mtu wa mji mwingine, asiyeogopa courant, pengine angewasha vyote pamoja bila kufikiri, na ingeona. Kwa karte ni kinyume cha friji: kikubwa kwanza.

"Niliona, mi," akasema baba mdogo. "Niliwaona muko munawasha sawa vile batu ba friji."

Hakuona kitu. Alitafuta tundu la simu. Lakini ni kweli vilevile kwamba bila mkono wake tungekuwa mpaka sasa ku barrière, na mdogo wangu, aliyejua kila waya kwa jina, asingethubutu kuchomoa kimoja na kuacha kingine. Naliandika hivyo, kila mtu achukue fungu lake.

Akahamisha waya wa tele kwenye karte, akaingiza kile kifunguo. Na nyumba ya Mbau ikasimama.

Haikuganda. Baraza, nguzo zake, mlango wa mbao. Mama alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Asalamu alekum," akaiambia.

Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu akasukuma kile kipanya, mlango ukafunguka, tukaingia. Mama akaweka kiganja juu ya kioo cha tele, upande wa kushoto, akakiacha pale. Midomo yake ilikuwa inasema maneno ambayo sikuyasikia na sikutaka kuyasikia. Halafu akahamisha kiganja.

"Viti biko wapi?"

"Viti sikuchora, Mama. Shule iliomba nyumba tu."

"Ni vizuri. Kwa kuhama, viti vinatoka kwanza."

Dirishani kulikuwa na mwanga. Mdogo wangu alikuwa ameweka jua mahali pake, upande wake wa kweli, na mraba wa mwanga ulilala sakafuni vile ulivyokuwa ukilala. Mama akautazama. "Saa tatu," akasema. "Saa tatu na kitu." Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya kibao cha kuwekea maji, simu yake inalia ndani ya mfuko, haipokei.

Tukapita chumba cha Mama na Tata. Pale alikawia. Tukapita chumba cha watoto wa kiume, mdogo wangu akakipitisha haraka kidogo, ni chake. Tukaingia chumba changu. Nilikisahau jinsi kilivyokuwa chembamba. Dirisha lilikuwa lilelile, chini mno, ambalo nilikuwa ninapigia kiwiko kila nikifunga. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kushika kiwiko. Nilitaka tubaki pale kidogo, nitazame nje, lakini haikuwa zamu yangu, na Mama alikuwa amekwisha kugusa ukuta.

"Sasa tutoke nyuma."

Mdogo wangu akafungua mlango wa nyuma, na nje hakukuwa na kitu. Ardhi ya kijivu, laini kama meza, inakwenda mpaka inapokatika.

"Ku cuisine ni wapi?" Mama akauliza.

Cuisine yetu ya Mbau, lile jiko, ilikuwa nyuma ya nyumba, mbali kidogo kwa ajili ya moto: miti, udongo, bati za zamani, ndani nyeusi kwa moshi. Mama alikaa humo kuliko mahali pengine popote. Wanawake wa jirani walimkuta humo. Tata, akirudi na lori, hakupita salon, alizunguka nyuma moja kwa moja, akakaa juu ya kigogo, akamweleza habari za njia kabla ya kuzieleza kwa mtu mwingine. Sisi watoto tulikula humo. Salon ilikuwa ya wageni.

Mdogo wangu alikuwa ameshika kipanya lakini hakisogezi.

"Mama, ile… professeur aliomba nyumba yenyewe. Ya matofali. Cuisine ilikuwa ya udongo, donc…"

"Hapana chora?"

"Hapana."

"Ah."

"Naweza kuichora! Sasa hivi. Weye unaniambia, mi nachora."

"Ulipima?"

"Hapana."

"Na mi hapana pima. Nilikuwa naingia tu."

Alibaki pale mlangoni. Nasema mlangoni, kwa sababu kwa kweli hakuwa tena ndani ya nyumba yetu ya Bulengera. Kipochi kilikuwa magotini, macho yapo kwenye ardhi ile ya kijivu. Mvua ilikuwa imekwisha, tulisikia pikipiki zikipanda matope. Hakuna aliyethubutu kumwuliza tumefika wapi.

Halafu akatoa mkono kwenye kioo.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Mwambie mutu ya kakao, ni sawa. Achukue."

Baba mdogo hakuruka kwa furaha. Nilimtazama usoni makusudi, niliwaza nitaona ushindi, na sikuuona. "Hapana haraka," akasema. "Ngoja juma ipite. Kama unataka kijana achore ile cuisine, mi nitamwambia mutu yule angoje. Nitamushika."

"Hapana. Ile banasema ni nyumba, nimeiaga yote. Iko muzuri. Auziwe. Yangu ilikuwa kule nyuma, na kule nyuma hapana kitu cha kuuza." Akasimama, akakunja mtandio. "Munizimishie, inakula courant."

Sijui. Nimeligeuza jambo hili tangu mchana na sijui. Kama angeichora cuisine, labda Mama angekataa kuuza mpaka kufa. Au labda angeiaga nayo, akalia, ikawa imekwisha. Sasa ameaga vyote isipokuwa kile alichotaka, na amekubali kwa sababu hiyohiyo. Nilitaka apumzike na ile nyumba. Alivyosimama, sikuona mtu aliyepumzika, niliona mtu aliyefika kwa safari ndefu akakuta mwenyeji ametoka.

Mdogo wangu nilimkuta nje, ananawa mikono ambayo haikuwa michafu.

"Yaya, nilipima mpaka ngazi za baraza. Nilipima unene wa milango. Cuisine nilipita kando yake na mita mukononi."

"Shule hapana omba."

"Tulikula mule kila siku."

Nikamwambia kwamba alipotuonyesha mchoro ule mara ya kwanza, Tata akiwa hai, tulisimama wote nyuma ya kiti chake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza cuisine iko wapi. Hata Mama hakuuliza. Wakati ule ilikuwa pale nyuma yetu, sufuria juu ya moto. Aliniangalia. Sijui kama ilimsaidia. Nilisema kwa sababu ni kweli, si kwa sababu inasaidia.

Baba mdogo alimpigia mnunuzi mbele yetu wote, kwa maneno machache, akamwambia jibu la Mama na akaongeza, bila mtu kumwomba, kwamba yule wa kakao asibomoe chochote cha nyuma kabla yeye mwenyewe hajapita kutazama, siku barabara itaruhusu, kama kumebaki kitu. Nafikiri hakutabaki. Nafikiri na yeye anajua. Mama alikuwa akiswali chumbani, labda alisikia, labda hapana.

Jioni nilipika bugali ya muhogo na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na samaki wa chumvi aliyeleta baba mdogo. Alibaki kula nasi. Mama alivua kitenge cha Idi akakikunja kwanza, halafu akaja. Alikula kidogo, akasema sombe inahitaji mawese zaidi, na ilikuwa kweli.